Joto la Chumba

Edina Mgaya alinipigia saa kumi na moja alfajiri,
Julai, Njombe, umande umeganda juu ya viazi.
"Fundi, mikate inaniaibisha.
Juu imepauka kama mtu aliyepewa habari mbaya,
kati ni uji. Na oveni inaapa: mia na themanini."

Tukaenda, mimi na Lusekelo, mikono kwapani.
Jiko lenyewe la mtumba,
mlango una kovu, kitufe kimoja kimeshikwa kwa plasta.
Nikatia kipimajoto changu ndani, tukasubiri,
tukanywa chai ya Edina, tukasubiri tena.
Kioo cha oveni: mia na themanini.
Changu: mia na hamsini, na hakitaki kusogea.

Digrii thelathini.
Watu wa harusi ya Jumamosi wamedai fedha yao
kwa digrii thelathini.

Nikazima umeme, nikachomoa kihisi:
kijiti cha chuma, hakizidi unene wa njiti ya mshikaki,
ulimi ambao oveni huonjea moto wake.
Nikakigusa kwa ncha mbili za mita.
Elfu moja thelathini na moja.

Lusekelo akafungua kitabu, akaweka kidole:
joto la chumba, omu elfu moja themanini na tano.
"Kimekufa, fundi. Tuagize kingine Dar."
Wiki mbili. Na bei ya magunia ya ngano.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ndiyo
nikaiona pumzi yangu,
nyeupe, imesimama kati yangu na kitabu.

Chumba cha nani?

Aliyeandika alivaa shati la mikono mifupi.
Chumba chake hakijui kipupwe,
hakijui mafuta ya kula yanayoganda chupani
mpaka uyatoe nje uyaanike juani kama mgonjwa.
Hapa ndani ni digrii nane.
Na kwa nane, elfu moja thelathini na moja
ni kauli ya shahidi mkweli.

Nikakifumbata ngumini. Namba ikapanda
taratibu, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.
Nikakitumbukiza kwenye birika linalotokota:
elfu moja mia tatu na sitini.
Huku juu maji hukasirika mapema,
tisini na tatu tu, tayari yanaruka.
Hata hilo kilikuwa kinalijua.

Mnyonge mnyongeni.
Sasa mwongo ni nani?

Kilipopoa nikakirudisha mahali pake,
nikapima mwisho wa pili wa waya, kwenye bodi:
elfu moja mia moja na hamsini.
Omu mia na ushei zisizo na mwenyewe.

Tukalivuta jiko kutoka ukutani.
Kijiko. Sarafu ya mia mbili. Kiota cha panya, kikavu.
Na pale waya unapounganishwa na waya,
kutu ya kijani, mvuke wa mikate ya miaka,
kiungo kimelegea kama jino la mtoto.
Kila habari ya moto iliyopita hapo
ilitiwa chumvi.
Oveni ikasikia joto lisilokuwapo,
ikajipongeza, ikazima mapema.

Nikakata. Nikamenya waya hadi ukang'aa,
nikafunga upya, nikavisha kauri.
Shilingi elfu mbili, na Lusekelo
akakifuta kitabu vumbi kwa mkono wa sweta
bila kunitazama.

Saa nne mkate wa kwanza ulitoka.
Edina akaupasua kwa mikono, hakungoja kisu,
akaingiza pua katikati kabisa.
Hakusema kitu.
Akachukua kalamu, vidole vina unga,
akaandika pembeni mwa ile namba ya kitabu:

Kwangu, Julai: 1031.

Akaitazama. Akakata "Julai",
akaandika, "kabla ya kuwasha moto".
Akapiga chafya, akarudi kwenye kinyunga chake.